Programu Dhibiti: Historia ya Neno Lililogeuka Shauri

Makala haya yanakusudia kueleza historia ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana kuwa la mafundi wa kompyuta peke yao, lakini ambalo kwa hakika limetawaliwa na maneno toka mwanzo: nini kiitwe programu na nini kisiitwe hivyo, nini maana ya kugawa, ipi tofauti baina ya kitu cha bure na kitu kilicho huria. Tumeona yafaa kulieleza kwa urefu kwa sababu hati za leseni, miongozo ya matumizi na zabuni za vyombo vya kompyuta huzidi kufika mezani kwa wafasiri na watumishi wa serikali, na neno moja likifasiriwa kombo laweza kumfanya mtu aamini kuwa ameruhusiwa jambo ambalo hakuruhusiwa.

Neno la Kiingereza 'firmware' lilitungwa na Ascher Opler katika makala aliyoyatoa kwenye jarida la Datamation mwezi Januari 1967, mwaka uleule ambao Bunge letu lilipitisha sheria ya kuunda Baraza la Kiswahili la Taifa. Opler alikuwa akizungumzia maagizo madogomadogo yaliyohifadhiwa ndani ya kichakataji chenyewe, yanayoiambia mashine namna ya kutekeleza kila amri inayopewa. Maagizo hayo hayakuwa waya wala chuma, kwa hiyo hayakustahili kuitwa maunzi. Wala hayakuwa programu ya kawaida ambayo mtumiaji huipakia na kuiondoa apendavyo. Kwa kuwa Kiingereza kilikuwa kimezoea kuviita vyombo kwa neno lenye maana ya ugumu, na programu kwa neno lenye maana ya ulaini, Opler alichukua neno lenye maana ya uimara na kuliweka katikati.

Mchezo huo wa maneno haukuvuka bahari. Sisi tunasema maunzi na programu, na maneno hayo mawili hayana ugumu wala ulaini ndani yake. Wako waandishi, hasa wa Kenya, wanaosema maunzingumu na maunzilaini, na kwao pengine njia ya kumfuata Opler ingalikuwapo. Lakini neno linaloonekana leo katika menyu za simu na kompyuta zilizotafsiriwa ni programu dhibiti, nalo tutalitumia katika makala haya. Msomaji aangalie jambo moja tu kabla hatujaendelea. Neno la Opler halikusema kama kitu hicho ni chombo ama ni programu. Liliuacha mlango wazi. Neno letu limekwisha kuufunga: limesema ni programu. Tutaona hapa chini kwamba watu wenye akili timamu waligombana kwa karibu miaka ishirini juu ya mlango huohuo.

Kwa muda mrefu hapakuwa na ugomvi wowote. Programu dhibiti ilichomwa kwenye chipu ya kumbukumbu ya kudumu kiwandani, ikakaa ndani ya chombo, na aliyenunua chombo alikuwa amekwisha kuinunua nayo. Hakuna aliyeigawa peke yake. Baadaye watengenezaji waliona nafuu kuiondoa chipu hiyo na kukiachia chombo kumbukumbu ya muda tu, ambayo husahau yote umeme ukizimwa. Kila kompyuta inapowashwa, kiendeshaji, yaani sehemu ya mfumo endeshi inayosimamia chombo hicho, huichukua programu dhibiti kutoka kwenye diski na kuimimina ndani ya chombo. Kiwanda hupata faida mbili: chombo huwa rahisi zaidi, na kosa likigunduliwa baada ya mauzo hurekebishwa kwa kutoa faili jipya badala ya kukusanya vyombo madukani.

Lakini mabadiliko hayo yalileta jambo ambalo hakuna aliyelikusudia. Kitu kilichokuwa kikisafiri ndani ya chombo sasa kililazimika kusafiri pamoja na mfumo endeshi. Kwa hiyo mtu anayetayarisha mfumo endeshi na kuugawa kwa watu akageuka kuwa mgawaji wa kazi ya kiwanda. Na kwa sheria za hakimiliki za nchi nyingi, ikiwemo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999, programu ya kompyuta inalindwa kama yanavyolindwa maandishi mengine: haiwezi kunakiliwa na kugawiwa pasipo idhini ya mwenyewe. Idhini hiyo ndiyo inayoitwa leseni. Hapa yapasa kusema kidogo, kwa kuwa neno leseni katika masikio ya wengi wetu ni karatasi ya serikali: leseni ya biashara, leseni ya udereva. Leseni tunayoizungumzia haitolewi na serikali. Ni kauli ya mwenye mali, akisema nani afanye nini na mali yake na kwa masharti gani. Asiposema kitu, basi hakuruhusu kitu. Kanuni hiyo ya mwisho ni ngumu kumkalia mtu moyoni, hasa anapolikuta faili hilo limewekwa wazi kwenye tovuti ya kiwanda kwa kila apitaye kulichukua.

Harakati za programu huria zenyewe zilianzia karibu na jambo hili. Mnamo mwaka 1980 hivi, Richard Stallman na wenzake katika maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT, Marekani, walipewa mashine ya kuchapia ya kampuni ya Xerox. Mashine ya zamani waliwahi kuirekebisha programu yake ili iwaarifu watu karatasi zinapokwama. Ya sasa haikuwezekana, kwa kuwa maandishi ya asili ya programu yake, yaani msimbo chanzo, hayakutolewa. Na mtu wa chuo kingine aliyekuwa nayo alikataa kuyatoa kwa sababu alikwisha kuahidi kutunza siri. Tarehe 27 Septemba 1983 Stallman akatangaza mradi wa GNU, na mwaka 1985 ukaundwa Wakfu wa Programu Huria. Leseni ya Umma ya GNU, ambayo hujulikana kwa herufi GPL, ilitoka mwaka 1989, na toleo lake la pili mwezi Juni 1991. Toleo hilo la pili ndilo Linus Torvalds alilolichagua mwaka 1992 kwa ajili ya kiini cha Linux.

Ndani ya GPL mna sentensi moja ambayo mfasiri hana budi kuifahamu. Msimbo chanzo unaelezwa kuwa ni ule umbo la kazi linalopendelewa na mtu anayetaka kuirekebisha. Anayegawa kazi iliyo chini ya leseni hiyo anapaswa kutoa na msimbo chanzo wake. Basi tazama lililotokea. Waandishi wa viendeshaji, wakitaka kurahisisha mambo, waliichukua programu dhibiti ya kiwanda na kuibandika ndani ya faili la kiendeshaji kama orodha ndefu ya namba za msingi wa kumi na sita. Kiini chote kikagawiwa kwa GPL. Lakini hakuna binadamu anayependelea kurekebisha programu kwa kuhariri orodha ya maelfu ya namba. Msimbo chanzo wa kweli ulikuwa kiwandani, umefungiwa. Kwa hiyo kama programu dhibiti ilikuwa sehemu ya kiini, kila aliyekigawa alikuwa akivunja leseni ya kiini. Kama haikuwa sehemu yake, bali mkusanyiko tu wa vitu viwili vilivyowekwa pamoja katika chombo kimoja, jambo ambalo GPL inaliruhusu, basi palibaki swali la pili: je, kiwanda kimekubali?

Majibu ya viwanda yalikuwa ya namna nyingi, na yanastahili kusomwa na kila afasiriye hati za kisheria, kwa jinsi yalivyoandikwa kwa haraka na kusomwa kwa makini. Programu dhibiti ya vigeuzi vya Keyspan iliandamana na tamko kwamba isibadilishwe, na kwamba itumike na vyombo vya Keyspan peke yake. Hapo pana makatazo mawili ambayo GPL haiyakubali. Broadcom nayo, katika kiendeshaji cha kadi za mtandao kiitwacho tg3, ilieleza kwamba kazi ile ilitokana na msimbo chanzo wa siri usiochapishwa, kisha ikaruhusu kugawa data ile ya programu dhibiti katika umbo la namba za msingi wa kumi na sita au umbo linalolingana nalo, mradi tangazo la hakimiliki liandamane nayo. Tumekaa na kauli hii kwa muda. Kwanza, mwandishi ameiita data, si programu. Kana kwamba ameshauona ugomvi unakuja na akataka kujitenga nao. Pili, hakusema lolote juu ya kubadilisha, na katika sheria ukimya si ruhusa. Tatu, ni umbo gani linalolingana? Faili la lugha ya mashine lililo na namba zilezile bila shaka linalingana kwa fundi. Kwa wakili si lazima. Na viko vingine ambavyo vilikuwa kimya kabisa. Mwaka 2008 programu dhibiti zilipoanza kutolewa ndani ya kiini na kukusanywa katika hazina ya pekee iitwayo linux-firmware, kazi iliyoanzishwa na David Woodhouse, pakawekwa daftari lenye jina la WHENCE, neno la Kiingereza cha kale lenye maana ya 'kutoka wapi'. Kila faili huandikwa humo na asili yake na leseni yake. Mahali kadhaa daftari hilo linakiri kuwa leseni haijulikani, na kwamba kazi ilikutwa tu katika kiini kwa umbo la namba. Uhamisho wenyewe ulichukua muda mrefu: folda ya zamani iliondolewa katika kiini mwaka 2017, katika toleo la 4.14.

Palipouma zaidi ni kadi za mtandao usiotumia waya, yaani pasiwaya. Kuanzia mwaka 2003 kompyuta za mkononi zilianza kuuzwa zikiwa na kadi hizo ndani, na nyingi zilihitaji kumiminiwa programu dhibiti. Mtu akiweka mfumo endeshi mpya asioupata na programu hiyo, kadi haiamki. Kadi isipoamka hapana mtandao. Na pasipo mtandao hawezi kwenda kuitafuta programu anayoikosa. Ni habari ya ufunguo uliofungiwa ndani ya sanduku lake. Mwenye waya wa mtandao aliokoka. Katika shule au ofisi ya wilaya isiyo na waya huo, kompyuta nzima ilionekana mbovu, na mfumo huria ukabeba lawama isiyokuwa yake.

Chipu za Broadcom ndizo zilizotoa mfano mkali kuliko yote. Kampuni haikutoa kiendeshaji kwa ajili ya Linux wala haikutoa ruhusa ya kugawa programu dhibiti. Wataalamu wa kujitolea walikichunguza kiendeshaji cha kampuni, kundi moja likaandika maelezo ya tabia ya chipu na kundi jingine likaandika kiendeshaji kipya kwa kuyasoma maelezo hayo tu, ili asiwepo wa kuwashtaki kuwa wamenakili. Kiendeshaji kikapatikana. Programu dhibiti haikupatikana. Ikabidi itengenezwe zana ndogo iitwayo b43-fwcutter, ambayo humfanya kila mtumiaji, kwa mkono wake na kwenye kompyuta yake, apakue kiendeshaji cha kampuni na kuikata programu dhibiti kutoka ndani yake. Mgawaji hagawi kitu. Anagawa kisu na maelekezo ya mahali pa kukata. Baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Brescia, Italia, waliandika programu dhibiti yao wenyewe, iliyo huria, kwa baadhi ya chipu hizo. Mwezi Septemba 2010 Broadcom ilitoa kiendeshaji huria kwa chipu zake mpya, pamoja na programu dhibiti inayoruhusiwa kugawiwa. Chipu za zamani ziliachwa na kisu chao.

Kwa nini viwanda vikatae kutoa ruhusa ya kugawa kitu kisichotumika na yeyote ila aliyekwisha kununua chombo chao? Sababu moja ni siri za biashara, na nyingine ni kwamba ndani ya kazi hiyo mara nyingi mna sehemu zilizokodiwa kwa kampuni nyingine. Ya tatu ni sheria za redio: programu dhibiti ya kadi ya pasiwaya ndiyo inayozuia chombo kisitoe nguvu au masafa yaliyokatazwa, na viwanda huhofu kulaumiwa mtumiaji akiibadilisha. Hofu hiyo si ya kubuni. Mwaka 2016 kampuni ya TP-Link ilikubaliana na mamlaka ya mawasiliano ya Marekani kulipa dola 200,000 kwa kuuza vifaa vilivyoweza kuzidi nguvu iliyoruhusiwa. Ingawa, na hili husahauliwa, katika mapatano hayohayo iliahidi kutafuta njia ya kuruhusu programu dhibiti za watu wengine katika vifaa vyake. Hata hivyo sababu hizi zote zahusu kutoa msimbo chanzo na kuruhusu kubadilisha. Haziifikii hata moja ruhusa ya kunakili na kugawa faili kama lilivyo. Tunadhani ukimya wa viwanda vingi ulitokana na jambo jepesi zaidi: hapakuwa na mtu mwenye cheo aliyeulizwa.

Theo de Raadt, kiongozi wa mfumo endeshi wa OpenBSD, aliamua kuwauliza. Katika miaka ya 2004 na 2005 aliwahimiza watumiaji wake waziandikie kampuni, wakidai mambo mawili: maelezo ya chipu, na haki ya kugawa programu dhibiti bila sharti la kutia saini. Baadhi ya kampuni zilikubali. Intel wakati huo ilibaki na masharti ambayo OpenBSD haikuyaridhia. Wakfu wa Programu Huria ulimpa tuzo yake ya mwaka 2004. Msimamo wa OpenBSD una ubainifu ambao sisi tunaupenda kwa sababu za kiistilahi. Wao hawaikubali kamwe programu fumbo inayotekelezwa na kichakataji kikuu cha kompyuta, kwa kuwa hiyo imo ndani ya nyumba. Lakini ile inayotekelezwa ndani ya chombo kilichochomekwa pembeni huikubali bila kudai msimbo chanzo, mradi iweze kugawiwa kwa uhuru. Na isiyoweza kugawiwa hivyo haimo katika mfumo wao. Kompyuta huifuata kwenye mtandao baada ya mfumo kuwekwa.

Sasa tufike Debian, ambako habari hii inatuhusu sisi watu wa maneno kuliko popote. Mradi wa Debian ulianzishwa na Ian Murdock tarehe 16 Agosti 1993, na mwaka 1997 wanachama wake waliidhinisha Mkataba wa Kijamii. Kifungu cha kwanza kiliahidi kwamba Debian itabaki kuwa programu huria kwa asilimia mia moja. Kazi zisizo huria, kama mwenyewe ameruhusu zigawiwe, ziliwekwa katika sehemu ya pembeni isiyohesabiwa kuwa Debian. Kwa miaka kadhaa, wengi walijiridhisha kwamba programu dhibiti si programu: ni data, ni namba, ni sehemu ya chombo. Ahadi ilihusu programu; basi namba zile hazikuguswa.

Mwezi Aprili 2004 likapitishwa kwa kura pendekezo la kusahihisha lugha ya Mkataba. Jina la pendekezo lilisema wazi kuwa ni marekebisho ya kiuhariri. Katika kifungu cha kwanza neno 'programu' liliondolewa, ahadi ikawa kwamba Debian itabaki huria kwa asilimia mia moja, basi. Neno moja limefutwa. Wengi waliopiga kura walidhani wananyoosha sentensi. Kumbe kizingiti kilichokuwa kikizitenga programu dhibiti, pamoja na vitabu vya maelekezo, kilikuwa ni neno hilo. Msimamizi wa toleo lililokuwa likitayarishwa akatangaza kwamba kwa maneno mapya hawezi kulitoa toleo hilo pamoja na vitu hivyo ndani yake. Ikabidi ipigwe kura nyingine mwaka huohuo ili kuahirisha nguvu ya marekebisho mpaka toleo hilo, lililoitwa sarge, litoke. Nalo lilitoka mwezi Juni 2005. Sisi tuliozoea kuitwa wanaohangaika na vinyweleo vya lugha tungependa mkasa huu usomwe katika kila darasa la uhariri wa sheria.

Kura hazikuishia hapo. Mwaka 2006 wanachama waliamua kutoa toleo la etch pamoja na programu dhibiti zilizomo, kwa kadiri sheria inavyoruhusu. Mwishoni mwa mwaka 2008 shauri likarudi tena kwa ajili ya toleo la lenny, na uamuzi ulioshinda ulikuwa wa ajabu kidogo: zichukuliwe kuwa zinatii GPL mpaka ithibitike vinginevyo. Wanasheria wetu wataitambua sura ya kauli hiyo. Ni dhana ya kutokuwa na hatia, isipokuwa hapa imepewa orodha ya namba. Hatimaye mwezi Desemba 2010 Debian ilitangaza kuwa kiini cha toleo la squeeze kimesafishwa, na programu dhibiti zote zisizo huria zimehamishiwa pembeni. Ahadi ilitimia kama ilivyoandikwa. Na palepale diski rasmi ya kuwekea mfumo ikawa haifai katika kompyuta nyingi za mkononi. Pakawa na diski nyingine, isiyo rasmi, yenye programu dhibiti, iliyowekwa mahali ambapo mgeni haioni kwa urahisi. Mifumo mingine, kama Fedora, ilikuwa imeamua mapema kuzihesabu programu dhibiti kuwa jambo la pekee: zakubalika ikiwa zaweza kugawiwa na hazitekelezwi na kichakataji kikuu.

Upande wa pili ulikuwako, nao hatupaswi kuudharau. Toka mwaka 2008 watu wa Wakfu wa Programu Huria wa Amerika ya Kilatini wamekuwa wakitoa kiini kiitwacho Linux-libre, kilichoondolewa kila programu dhibiti iliyo fumbo. Kwao ruhusa ya kugawa si jawabu: kitu usichoweza kukisoma hakiwi huria kwa sababu tu unaweza kukinakili. Hoja hii ni safi. Inayumba mahali pamoja. Wakfu mama, katika masharti yake ya kuthibitisha vyombo, huikubali programu dhibiti iliyochomwa ndani ya chombo cha pembeni na isiyotarajiwa kubadilishwa baada ya mauzo, kwa kuihesabu kuwa kama mzunguko wa umeme. Programu ileile, namba zilezile, ikiletwa kutoka kwenye diski hukataliwa. Matokeo yake ni kwamba chombo kisichoweza kurekebishwa hupata cheti, na kinachoweza hukikosa. Waungaji mkono husema kwamba mpaka lazima uwekwe mahali fulani. Ni kweli, lakini hapo tunarudi kwa Opler na mlango wake. Kwa upande mwingine, ukali huo umezaa matunda: mwaka 2013 msimbo chanzo wa programu dhibiti ya chipu moja ya pasiwaya ya Atheros ulitolewa kwa leseni huria, jambo ambalo wapatanishi wapole hawakuwahi kulipata kwa Intel. Leseni ya programu dhibiti za pasiwaya za Intel siku hizi yaruhusu kugawa bila kubadilisha, na yakataza kuichambua kazi ili kujua imetengenezwaje.

Na ruhusa iliyokwisha kutolewa yaweza kuchafuliwa. Mwezi Agosti 2018 Intel ilitoa marekebisho ya maagizo ya ndani ya vichakataji vyake, yaani kitu kilekile hasa ambacho Opler alikipa jina, ili kuziba udhaifu wa kiusalama. Leseni iliyoandamana nayo ilikuwa na sharti jipya: mtumiaji asichapishe matokeo ya vipimo vya kasi. Debian ikaacha kuyagawa marekebisho hayo, na watumiaji wakabaki na udhaifu ulio wazi kwa sababu ya sentensi moja. Bruce Perens alipoliandika jambo hilo hadharani, kampuni ililifuta sharti ndani ya siku chache na kurudi kwenye leseni fupi. Sharti hilo halikuwa na faida yoyote ya kiufundi.

Kwa wafasiri, habari hizi zote zinakutana katika tofauti ya bure na huria. Kiingereza kina neno moja kwa maana mbili, na Stallman amekuwa akilifafanua kwa miaka arobaini. Kiswahili hakina shida hiyo, na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulikuwa na maneno yaliyo tayari. Lakini tumekwisha kuona tafsiri zinazosema 'programu zisizo za bure' mahali pa 'programu zisizo huria'. Kwa programu dhibiti kosa hilo ni kubwa maradufu, kwa maana karibu zote hutolewa bure. Hakuna anayeziuza. Kinachokosekana si bei. Ni haki ya kusoma, kubadilisha, na mara nyingine hata ya kugawa. Vivyo hivyo tusichanganye kutumia, kunakili, kugawa na kubadilisha chini ya neno moja la 'kutumia', kama inavyofanywa katika baadhi ya mikataba ya ununuzi. Leseni ya programu dhibiti ya kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, kwa mfano, yaruhusu kugawa, lakini kwa ajili ya chombo hicho tu. Mfasiri akiandika 'yaruhusiwa kutumiwa' amepoteza yote mawili, ruhusa na mpaka wake. Na kuhusu neno programu dhibiti lenyewe, sisi tunaliunga mkono. Ni kweli kwamba limechagua upande. Lakini maagizo yaliyoandikwa na mtu ili mashine iyafuate ni programu, popote yalipohifadhiwa, na hivyo ndivyo sheria yetu ya hakimiliki inavyoyatazama.

Debian ilipiga kura tena mwaka 2022. Safari hii Mkataba uliongezwa sentensi, haukupunguzwa neno, na kwa kuwa ulikuwa ukibadilishwa zilihitajika kura tatu kwa kila moja ya upinzani. Sentensi hiyo yaruhusu diski rasmi kubeba programu dhibiti ambazo si sehemu ya mfumo, pale vyombo vinapozihitaji. Toleo la 12, lililotoka tarehe 10 Juni 2023, lilikuwa la kwanza kufanya hivyo, nazo zimetengewa sehemu yao, mbali na kazi nyingine zisizo huria. Jina la sehemu hiyo ndani ya mafaili ya mfumo ni non-free-firmware, na lisitafsiriwe humo, kwa kuwa mashine ndiyo inayolisoma. Katika maelezo ya watumiaji tunapendekeza 'programu dhibiti zisizo huria'. Asiyezitaka anaweza kuzikataa kwa kuandika amri moja kabla ya uwekaji kuanza. Na tafsiri ya maelezo ya amri hiyo itumie neno kukataa, si kuzima, kwa kuwa kilichozimwa kimekwisha kuwekwa.